Barbara McClintock, Mwanamke Aliyeijua Siri ya Hindi

Hakuna mkaaji wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, asiyelijua hindi. Kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Jericho, Umoja na Kayole, jioni ikiingia makaa huwashwa kando ya barabara, mahindi yakachomwa na kupakwa ndimu na pilipili. Nyumbani sufuria huwa na ugali au githeri, na kwa watu wa Ukambani, muthokoi. Tena wakati wa mvua za masika unapokaribia, wengi wa wakaaji hawa hununua pakiti ya mbegu na kuipeleka kwa wazee mashambani, maana mtu wa mjini naye ana kwao.

Hapo ndipo huzuka malalamiko ya kila mwaka. Kwa nini mbegu ya duka lazima inunuliwe upya kila msimu? Mzee huchagua mahindi mazuri ya mavuno yake, akayaweka juu ya moshi, akayapanda mwaka unaofuata. Yanapoota, mmoja huwa mrefu na mwingine mfupi, hindi hili limejaa na lile lina mapengo. Wako wanaosema kwamba wauzaji hutia dawa katika mbegu ili mkulima asijitegemee.

Jibu la kweli si dawa wala hila. Jibu limo ndani ya mmea wenyewe, mahali padogo mno pasipoonekana kwa macho matupu. Na kati ya watu waliouwezesha ulimwengu kupaona mahali hapo, hakuna aliyelitazama hindi kwa subira kama mwanamke mmoja wa Marekani, marehemu Bi. Barbara McClintock.

UTOTO WAKE

Alizaliwa tarehe 16 Juni, 1902, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Kwanza wazazi wake walimwita Eleanor, lakini baada ya muda wakaona jina hilo ni laini mno kwa mtoto mwenye tabia kama yake, wakamwita Barbara. Baba yake alikuwa mganga. Mambo ya fedha yalipokuwa magumu, Barbara alipelekwa akiwa mdogo kukaa kwa shangazi yake na mumewe, na mwaka 1908 jamaa nzima ikahamia Brooklyn, New York.

Alipenda michezo, kusoma, na kukaa peke yake akifikiri. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1919 alitaka kwenda chuo kikuu. Mama yake alikataa. Alihofu kwamba msichana aliyesoma sana hatapata mume, hofu ambayo hata wazazi wa kwetu waliijua sana. Baba, aliyekuwa amekwenda Ufaransa kama daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, aliporudi alimuunga mkono binti yake. Mwaka huo huo Barbara akaingia Chuo Kikuu cha Cornell katika idara ya kilimo.

Huko hakuwa mtu wa kujifungia na vitabu tu. Alipiga banjo katika bendi ya jazi. Lakini somo la urithi, yaani jinsi sifa za wazazi zinavyofika kwa watoto, lilimteka kabisa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923, ya pili mwaka 1925, na mwaka 1927 akawa daktari wa elimu ya mimea.

KROMOSOMU KUMI ZA HINDI

Ili tuielewe kazi yake, inafaa tuingie kidogo ndani ya mmea. Kila kiumbe kimejengwa kwa seli, na katika kiini cha kila seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Juu ya nyuzi hizo zimepangwa jeni, ambazo ndizo maagizo ya urefu, rangi, utamu na sifa nyingine. Binadamu ana kromosomu 46, hindi lina 20. Nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo hindi lina jozi kumi, na katika kila jozi kromosomu moja ni ya upande wa kuumeni na mwenziwe ni wa upande wa kukeni, zote mbili zikishika kazi ile ile.

Mwaka 1902, mwaka ule ule aliozaliwa Barbara, kijana mmoja wa Kansas aitwaye Walter Sutton, aliyekuwa akichunguza seli za panzi, alikwisha kueleza kwamba kromosomu huja katika jozi namna hiyo. Lakini katika hindi hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Zilionekana kama nyuzi zilizofumana.

Bi. McClintock alizitenganisha. Kwa kuponda seli changa za chavua juu ya kioo na kuzitia rangi nyekundu, aliweza kuona umbo la kila kromosomu: hii ndefu, hii fupi, hii ina kifundo cheusi nchani. Akazipa namba kuanzia 1 hadi 10 kufuata urefu wake, na mwaka 1929 akatangaza orodha hiyo. Tangu siku ile hindi likawa kitabu kinachosomeka.

Kazi haikuwa ya maabara peke yake. Alilima shamba lake mwenyewe, amevaa suruali wakati ambapo wanawake wengi hawakuzivaa. Alifunika mbelewele na ndevu za mahindi kwa mifuko ya karatasi, ili chavua ya mmea mwingine isije ikaingia bila ruhusa. Akina mama wa kwetu ambao huchagua hindi la mbegu kwa kulitazama punje kwa punje wangeielewa kazi hiyo mara moja.

USHAHIDI WA MWAKA 1931

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mmea unapokomaa na kutaka kutengeneza chavua au yai, ni lazima upunguze kromosomu zake kutoka 20 hadi 10, la sivyo kila kizazi kingekuwa na kromosomu maradufu ya kile kilichotangulia. Lakini haigawi ovyo. Kabla ya kuagana, kila kromosomu humtafuta mwenziwe ndani ya kiini, zikalala ubavu kwa ubavu toka ncha hadi ncha, na zikiwa hapo hubadilishana vipande. Kisha ndipo moja huenda huku na nyingine kule.

Kubadilishana huko wataalamu walikuwa wakikuamini bila ya kukuthibitisha. Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake walikuwa wamekadiria hivyo kwa kuhesabu sifa za vizazi vya nzi wadogo wa matunda, lakini hakuna aliyeonyesha kwa macho kwamba vipande vya nyuzi huhama kweli.

Bi. McClintock na mwanafunzi mmoja, Harriet Creighton, walitumia mmea ambao kromosomu yake moja ya namba 9 ilikuwa na alama mbili: kifundo kwenye ncha moja, na kwenye ncha ya pili kipande cha ziada kilichotoka katika kromosomu namba 8. Mwenziwe hakuwa na alama hata moja. Juu ya kromosomu hizo palikuwa na jeni ya rangi ya punje na jeni ya aina ya wanga. Walipozalisha mimea hiyo, walizitafuta punje ambazo rangi na wanga vilikuwa vimeachana, kila kimoja kikishika njia yake. Wakatazama kromosomu za mimea iliyotoka katika punje hizo. Walikuta kromosomu yenye kifundo bila kipande cha ziada, au yenye kipande cha ziada bila kifundo. Sifa zilipoachana, nyuzi nazo zilikuwa zimebadilishana.

Morgan alipozuru Cornell na kuyasikia hayo, aliwahimiza wachapishe mara moja bila kungoja mavuno mengine. Makala yao yakatoka mwezi wa Agosti, 1931. Majuma machache baadaye Curt Stern huko Ujerumani naye akatangaza ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa nzi.

JINSI ZINAVYOTAFUTANA

Lakini kromosomu haina macho. Inamjuaje mwenziwe kati ya nyuzi 20?

Katika miaka ile ya 1930 Bi. McClintock alionyesha jambo muhimu: kila sehemu hutafuta sehemu inayolingana nayo. Ikiwa kipande cha kromosomu moja kimegeuzwa nyuma mbele, jozi hujikunja na kufanya kitanzi ili sehemu zinazofanana zipate kukutana. Ikiwa kromosomu mbili tofauti zimekwisha kupeana vipande, huungana zikafanya umbo la msalaba kwa sababu hiyo hiyo. Aliona pia, na kuandika mwaka 1933, kwamba sehemu zisipopata mwenzi wa kweli huweza kushikana na zisizo za aina yao, au kromosomu ikajikunja na kujishika yenyewe.

Wataalamu waliomfuata wamezieleza hatua zaidi. Fikiri mtu aliyepoteana na ndugu yake katika stendi ya mabasi ya Machakos, karibu na Gikomba, wiki ya Krismasi. Akizunguka katikati ya umati hatamwona. Akienda kusimama langoni, na ndugu yake naye akawaza hivyo hivyo, watakutana. Kromosomu hufanya mfano wa hayo. Ncha zake hujibandika kwenye ukuta wa kiini, kisha huvutwa na nyuzi zilizo nje ya ukuta mpaka zikasanyike upande mmoja, kama shada la maua lililoshikwa kwenye mabua. Umati umepungua, na kutafutana kumekuwa rahisi.

Tena seli hufanya jambo la kustaajabisha: huikata DNA yake yenyewe mahali pengi. Ncha iliyokatwa, ikisaidiwa na protini, hupita ikijilinganisha na nyuzi nyingine, kama mtu mwenye nusu ya karatasi iliyochanwa anayetafuta nusu ya pili. Ikipata maandishi yanayolingana hushika hapo. Mwisho protini nyingine huziunganisha kromosomu mbili toka ncha hadi ncha mfano wa zipu. Zipu hiyo ilionekana mara ya kwanza mwaka 1956 kwa hadubini ya elektroni.

Jozi zisipokutana, madhara huonekana wazi. Nyingi za ndizi tunazonunua sokoni zina kromosomu 33, yaani seti tatu za 11. Tatu haziwezi kugawanywa wawili wawili, kwa hiyo ndizi hazina mbegu na hupandwa kwa machipukizi. Farasi ana kromosomu 64 na punda 62. Mtoto wao, nyumbu wa kubeba mizigo, ana 63, na kwa kawaida hazai.

Kwa binadamu nako makosa hutokea. Katika mwili wa msichana kromosomu za mayai huungana kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, zikangoja hivyo kwa miaka mingi. Ndiyo sababu kadiri mama anavyozidi umri, ndivyo kuagana kwake kunavyoweza kuharibika. Mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba watoto wenye hali iitwayo Down wana kromosomu moja zaidi, ya namba 21. Mara nyingi chanzo ni jozi ambayo haikuachana sawasawa. Si laana, si mkono wa mtu, wala mama hana lawama. Ni vizuri jambo hili lijulikane katika kila nyumba.

MIAKA YA UKIMYA

Ungedhani kwamba mtu aliyeonyesha mambo makubwa hivyo akiwa hajafika umri wa miaka 30 angepewa kiti cha uprofesa upesi. Haikuwa hivyo. Vyuo vingi vya Marekani wakati ule havikuwa tayari kumpa mwanamke nafasi hiyo katika sayansi. Aliishi kwa misaada ya masomo ya muda mfupi. Mwaka 1933 alikwenda Ujerumani, akakuta Wanazi wameshika utawala na wanasayansi Wayahudi wanafukuzwa. Akarudi mapema mwaka 1934 akiwa na huzuni.

Mwaka 1936 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Missouri. Huko aligundua kwamba kromosomu iliyovunjika hunata kwa iliyovunjika nyingine, lakini ncha za asili hazinati. Ncha hizo ni zile zile ambazo leo tunajua huongoza kutafutana kwa jozi. Alipoona hana matumaini ya kupandishwa cheo, aliondoka, na tangu mwaka 1941 akawa mtafiti katika kituo cha Cold Spring Harbor, karibu na New York. Alikaa huko muda wote wa maisha yake uliosalia.

Heshima haikukosekana kabisa. Mwaka 1944 alichaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi, na mwaka 1945 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha wataalamu wa urithi nchini mwake. Mwaka huo wa 1944 aliitwa Chuo Kikuu cha Stanford, ambako watafiti walishindwa kuziona kromosomu za aina moja ya ukungu wa mkate. Naye kwanza alishindwa. Akaenda kukaa chini ya mikaratusi, akafikiri, akarudi kwenye hadubini. Katika muda wa majuma machache alikuwa amezihesabu kromosomu saba na kuona jinsi zinavyoungana jozi jozi.

Kisha likaja jambo lililomtenga. Katika punje zenye madoadoa alitambua kwamba baadhi ya vipande vya kromosomu havikai mahali pamoja. Kipande kikihamia ndani ya jeni ya rangi, rangi huzimika. Kikitoka tena katika baadhi ya seli, rangi hurudi, na hayo ndiyo madoadoa. Aliyaeleza hayo mwaka 1950, na mwaka 1951 mbele ya mkutano wa wataalamu. Walisikiliza wasielewe, na wengine hawakuamini. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba jeni zimepangwa imara kama shanga kwenye uzi. Baada ya mwaka 1953 aliacha kuchapisha habari nyingi za jambo hilo. Hakugombana na mtu. Aliendelea kupanda mahindi yake kila mwaka na kuyaandikia kumbukumbu.

Wakati ukamtetea. Vipande vinavyohama vikaonekana katika bakteria, kisha katika nzi na viumbe vingine. Leo inajulikana kwamba zaidi ya asilimia 80 ya DNA ya hindi imetokana na vipande vya namna hiyo. Jambo hili linafanya kutafutana kwa jozi kuwe kwa ajabu zaidi, maana kila kromosomu imejaa maandishi yaliyorudiwa na wengine, na hata hivyo mwenzi wa kweli hupatikana.

Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, peke yake bila ya kugawana na mtu. Nyumbani hakuwa na simu. Habari hiyo aliisikia redioni. Alifariki dunia tarehe 2 Septemba, 1992, akiwa na miaka 90. Hakuolewa na hakuacha mtoto.

MBEGU YA KITALE

Tangu mwaka 1957 Bi. McClintock alikuwa pia akizichunguza kromosomu za mahindi ya Amerika ya Kusini na ya Kati, akifuata vifundo vyake ili ajue jinsi watu wa kale walivyolisafirisha. Katika miaka hiyo hiyo mahindi ya huko yalikuwa yakifika kwetu. Huko Kitale mtafiti Michael Harrison alichukua mahindi kutoka Ecuador akayazalisha pamoja na mahindi bora ya Kitale. Mwaka 1964 ikatolewa mbegu chotara iitwayo 611, na mavuno ya mkulima mdogo wa nyanda za juu yakaongezeka sana.

Hapa ndipo malalamiko ya mzee wetu yanapopata jibu. Katika kila mmea wa mbegu chotara, kila jozi ina kromosomu moja ya mzazi huyu na moja ya mzazi yule, na nguvu ya mmea inatokana na kukaa kwao pamoja. Lakini mmea huo unapotoa chavua na mayai, jozi hizo kumi hutafutana, hubadilishana vipande, kisha huagana. Hata bila kuhesabu vipande vilivyobadilishwa, jozi kumi zinaweza kugawanyika kwa njia 1,024. Punje za hindi moja zinakuwa ndugu wasiofanana, na ule muungano wa kwanza umevunjika. Kwa hiyo mavuno ya mbegu iliyorudiwa hupungua, hata kama shamba ni lile lile na mvua ni ile ile.

Tena ni vyema kukumbuka kwamba mahindi ya kienyeji, yale ya punje za rangi rangi, hupandwa tena bila hasara ya namna hiyo, kwa kuwa tangu zamani yamezoea kuchanganyika na kuchaguliwa na mikono ya akina mama. Mkulima asiye na fedha ya mbegu ya duka hajakosa njia. Anachohitaji kujua ni aina gani ameshika mkononi. Ujuzi huo, ambao leo unafundishwa shuleni kwa kipindi kimoja, Bi. McClintock aliutafuta kwa zaidi ya miaka 60, mmea kwa mmea na punje kwa punje.